Forodha isiyo na bahari: Busia, Malaba na zamu ya Kichina

KATIKA Kichina sanifu, mǎi ni kununua na mài ni kuuza. Herufi ni zilezile, irabu ni zilezile. Kinachoyatenga maneno haya ni toni tu: kwenye la kwanza sauti inazama kisha inainuka kidogo, kwenye la pili inaporomoka kutoka juu, kama mtu anayekemea mbuzi aliyeingia shambani. Ukiyaunganisha unapata mǎimai, yaani biashara yenyewe. Nimeanza na maneno hayo kwa sababu leo nazungumzia watu ambao kazi yao, tangu enzi za mababu, ni kununua upande huu na kuuza upande ule.

Msomaji mmoja wa safu hii, wakala wa forodha pale Malaba, aliniandikia majuzi: "Mwalimu, mimi sina nafasi ya kwenda Nairobi kusomea Kichina. Nipangie ratiba nijifundishe mwenyewe. Lakini tafadhali usinipangie ile ya watoto wa shule." Akaongeza kuwa sehemu kubwa ya mizigo anayoishughulikia imetoka Uchina, na kwamba kila siku anashika karatasi zenye maandishi asiyoweza kuyasoma hata neno moja. "Nasaini kitu ambacho kwangu ni michoro," alisema.

Ratiba nitaitoa. Ila kwanza nataka tuelewane kuhusu jambo moja: kujifunza lugha bila darasa si jambo geni mpakani. Ndiyo historia ya mpaka wenyewe.

Mimi ni mtu wa Butula, upande wa Wamarachi. Soko la Busia nimelijua tangu utotoni, na ukiketi hapo nusu saa utasikia Kikhayo, Kimarachi, Kisamia, Kiteso, Kijaluo, Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, aghalabu kutoka kinywa kimoja. Mama anayeuza omena hajui sarufi ya Kiganda. Anajua bei, salamu, matusi na namna ya kubembeleza, na hivyo vinne vimemsomeshea watoto.

Hali hii ilisababishwa na watu waliochora ramani bila kutuuliza. Waingereza walitangaza himaya yao ya Uganda mwaka 1894, na mkoa wake wa mashariki ulienea hadi karibu na Naivasha. Mwaka 1902 mkoa huo ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ile ambayo ingeitwa Kenya kuanzia 1920. Babu zetu walilala Uganda wakaamka kwingine pasipo kuinua mguu. Wasamia wakagawanyika, Wateso wakagawanyika, na ukoo mmoja ukawa na serikali mbili. Kiswahili nacho kilikuwa kimeshaingia kwa miguu ya wafanyabiashara wa pwani waliofika hadi kwa Nabongo Mumia, kikaongezewa nguvu na njia ya mikokoteni ya Mackinnon na Sclater iliyokatwa kutoka pwani kuelekea Busia miaka ya 1890. Reli ilipopita Malaba kuingia Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na kufika Kampala mwaka 1931, ilileta makarani, mafundi na makuli, kila mmoja na Kiswahili chake kilichovunjika kwa namna yake. Hakuna mwalimu aliyewafunza hawa. Walisikia, wakaiga, wakachekwa, wakarudia.

Na mpaka haukuwa ukipokea maneno tu. Neno bodaboda, ambalo leo linajulikana kutoka Mombasa hadi Kigali, lilizaliwa hapa katika miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi kisicho cha mtu, na vijana wenye baiskeli wakawa wanabeba abiria huku wakiita kwa Kiingereza jina la mpaka, mara mbilimbili. Watu wa Busia wanasema neno ni lao, watu wa Malaba wanalidai nao. Sitaiamua kesi hiyo, maana nina shemeji pande zote mbili.

Sasa tuje kwa Wachina. Watu hudhani uhusiano wetu na lugha yao ulianza na barabara kuu ya Thika au na reli ya SGR. La hasha. Kila asubuhi Mkenya hutamka neno la Kichina bila kujua: chai. Ni chá ya Wachina, iliyosafiri kwa nchi kavu ikapitia Uajemi na India kabla ya kutufikia. Na mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulifikisha twiga katika baraza la mfalme Yongle. Kinachonivutia mimi katika kisa hicho si twiga. Ni kwamba mwaka 1407, miaka minane kabla yake, baraza hilohilo lilikuwa limeanzisha ofisi ya wakalimani, Siyiguan, ya kufunza vijana lugha za mataifa ya nje. Katika merikebu za Zheng He alikuwamo Ma Huan, Mwislamu aliyejua Kiarabu, ambaye kazi yake ilikuwa kutafsiri na ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu nchi alizoziona. Dola ile ilihesabu ukalimani kuwa sehemu ya safari, sawa na tanga na maji ya kunywa.

Tabia hiyo haikufa. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru na Kenya ingali koloni. Wachina walipojenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kati ya 1970 na 1975, walikuja na wakalimani wao. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, ilionyeshwa Tanzania, na Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kwa miaka zaidi ya 60 Uchina imekuwa ikiwalipa watu wake mshahara wajifunze lugha yetu. Mwenzangu wa Malaba anataka kujifunza yao kwa pesa zake, saa za usiku, mtoto akilia chumba cha pili. Mizani haiko sawa, tusidanganyane.

Jirani yangu mmoja pale Busia anauza vipuri vya pikipiki. Alisafiri hadi Guangzhou, akakodi mkalimani aliyempata hotelini, kijana mwema, mcheshi. Walizunguka siku nne. Mwishowe alinunua kontena nusu, akarudi akifurahi. Ni mwaka uliofuata ndipo Mganda mmoja anayejua Kichina alipomwambia kuwa kijana yule alikuwa akilipwa na muuzaji pia. "Sikuibiwa," jirani yangu husema hadi leo, "niliongozwa." Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Asiyejua lugha ya soko haibiwi kwa nguvu, huongozwa kwa upole.

Je, waliotangulia kujifunza Kichina peke yao walifanyaje? Mjesuiti Michele Ruggieri alifika Macau mwaka 1579, hakuna kamusi, hakuna kitabu cha sarufi alichoweza kukisoma. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mchoraji. Alimchorea farasi, akamwambia: huyu ni mǎ. Hivyo ndivyo walivyoanza, picha kwa picha, hadi yeye na Matteo Ricci wakakusanya kamusi ya Kireno na Kichina katika miaka ya 1580. Robert Morrison alifika Guangzhou mwaka 1807 wakati sheria ya nchi ilikuwa ikimkataza Mchina kumfunza mgeni lugha, kwa hiyo masomo yalifanywa kwa siri. Kamusi yake ilichapishwa kati ya 1815 na 1823. Huku kwetu Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844 akaanza kuandika maneno ya Kiswahili aliyoyasikia, na kamusi iliyotokana na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma.

Watu hawa walitenganishwa na karne na imani, lakini zana yao kuu ilikuwa moja: buku la maneno waliloliandika wenyewe. Hawakununua orodha ya mtu. Neno liliingia katika buku kwa sababu jana lilimkwamisha mtu mahali fulani. Wakala wa Malaba aanzie hapo, na buku lake litakuwa na mizigo, lori, kodi, muhuri, uzito na tarehe kabla ya kuwa na "kalamu iko juu ya meza".

Tukubaliane pia ni Kichina kipi. Uchina ina lugha nyingi, kiasi kwamba mtu wa Guangzhou na mtu wa Beijing, kila mmoja akisema ya kwao, hawasikilizani. Serikali ikasanifisha lugha moja, Putonghua, maana yake lugha ya wote, kwa kuchukua matamshi ya Beijing kuwa msingi. Uamuzi ulipitishwa katikati ya miaka ya 1950. Msomaji wa safu hii hapo atanong'ona: si hivyo hivyo tulivyofanywa sisi? Naam. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi mwaka 1930, Kimvita kikabaki kinanung'unika hadi leo. Tofauti ni kwamba Wachina walijisanifishia wenyewe.

Mwaka 1958 wakaidhinisha pinyin, mfumo wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kirumi. Hii ndiyo ngazi ya mgeni, lakini ina vidato vya kuteleza. Herufi c husomwa kama ts. Herufi q ni aina ya ch nyembamba, na x ni sh nyembamba, ulimi ukiwa mbele, midomo imetanuka kama anayetabasamu. Kwa hiyo qī, yaani saba, haianzi na k hata kidogo.

Kuna jozi nyingine ambayo vitabu vya Kiingereza huieleza vibaya, nasi tuna dawa yake nyumbani. Katika pinyin, b na p zote mbili ni p. Moja haina pumzi, nyingine ina pumzi. Sasa mwombe Mmvita wa kale akutamkie paa la nyumba, kisha paa yule mnyama wa porini. Paa la nyumba halina pumzi. Paa wa porini anatoka na mpumuo unaoweza kuzima mshumaa. Hiyo ndiyo b ya Wachina na p yao, mtawalia. Wataalamu wa Kimvita huiandika ile yenye pumzi p'aa, kwa kitone cha juu, na mfumo wa zamani wa Wade na Giles uliotumiwa na Waingereza kuandika Kichina katika karne ya 19 uliweka alama hiyohiyo mahali hapohapo. Sisi wa bara tumeipoteza tofauti hii kwenye Kiswahili chetu, lakini kuisikia haihitaji kwenda Beijing. Mombasa inatosha.

Kisha toni, ambazo ndizo hutorosha wanafunzi. Kichina sanifu kina toni nne na sauti moja tulivu isiyo na toni. Kitabu cha kawaida kitakuambia kuwa hili ni jambo la ajabu, na kweli ni la ajabu kwa Mwingereza. Kwa mtu wa Busia si la ajabu. Kiswahili ndicho kilichopoteza toni kati ya lugha za Kibantu, kikabaki na mkazo. Ndiyo maana tunaweza kutenga barabara ya magari na barabara ya "sawasawa" kwa kuhamisha mkazo tu. Lakini Kimarachi kina toni. Kisamia kina toni, vivyo hivyo Kiganda, Kijaluo na Kiteso. Mwaka 2007 tasnifu nzima ya uzamifu iliandikwa katika Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu toni za vitenzi vya Kinyala na Kimarachi. Ebo! Lugha ya nyanya yangu, aliyeifagilia ua kila asubuhi, imejaza kitabu Marekani.

Sisemi toni ni zilezile. Zetu mara nyingi hupanda au kushuka kwa silabi nzima na hufanya kazi ya sarufi, kuonyesha wakati au kukanusha. Za Wachina huchora mwendo ndani ya silabi moja na kubadilisha neno lenyewe. Ninachosema ni kwamba sikio limeshazoea kwamba mlio ni sehemu ya neno. Anayejifunza Kichina Malaba akipitia Kiingereza anajiongezea mlima. Apitie lugha ya mama.

Vivyo hivyo na hesabu. Kumi na moja ni shí yī, kumi-moja. Ishirini ni èr shí, mbili-kumi. Lugha zetu za Kiluhya husema makumi mawili. Ni Kiswahili kilichoazima ishirini na thelathini kutoka Kiarabu. Mahali pa kuchunga ni juu ya elfu. Wachina wana neno moja, wàn, kwa 10,000, na huhesabia humo. Laki moja kwao ni shí wàn, yaani kumi za wàn. Mfanyabiashara aliyezoea elfu na laki akisikia wàn akadhani ni elfu, ameongeza au amepunguza bei mara kumi. Na sì ni nne, shí ni kumi. Kusini mwa Uchina, watu wengi huzitamka kwa kukaribiana. Hapo usione haya, toa vidole.

Ngeli nazo? Mwanafunzi wetu aliyelia kwa sababu ya KI-VI na U-ZI ana faida. Kichina hakikubali useme "karatasi moja" hivi hivi. Lazima kati ya idadi na nomino uweke kipimo kinachotaja aina ya kitu: zhāng kwa vitu bapa kama karatasi, tiketi na meza, tiáo kwa vitu virefu kama mto, barabara na samaki, liàng kwa magari. Lori moja ni yí liàng kǎchē. Si ngeli kama zetu, hazileti upatanisho wa kisarufi sentensi nzima, lakini ile fikra kwamba kitu hakihesabiki kabla ya kujulikana ni wa kundi gani, sisi tumenyonya nayo.

Hadi hapa mambo ni mteremko. Kikwazo ni maandishi, na hapo ndipo njia ya kale ya mpakani, ya kusikia na kuiga, inakwama. Yule mama wa omena alikipata Kiganda chote kwa masikio. Kichina kwa masikio kitakupa nusu: utasalimia, utabishana bei, utachekesha watu, lakini karatasi ya mzigo itabaki michoro. Wakala wa forodha hawezi kuishi na nusu hiyo.

Michoro hiyo, bahati njema, ina vipande vinavyojirudia. Kamusi ya mfalme Kangxi ya mwaka 1716 ilipanga herufi zote chini ya viini 214. Hakuna haja ya kuvimeza vyote. Chukua kimoja tu: bèi, ambacho asili yake ni picha ya simbi, yule konokono wa baharini. Zamani simbi zilitumika kama pesa Uchina, kwa hiyo kiini hicho kimeganda ndani ya herufi za fedha: huò, bidhaa, guì, ghali, fèi, ada, zhàng, hesabu ya deni. Hata herufi za kununua na kuuza zilikuwa na simbi, mpaka usahilishaji wa mwandiko wa miaka ya 1950 ukaziondoa. Sasa vuka daraja, uingie Busia ya Uganda, umsikilize Mganda akitaja pesa: ensimbi. Ni simbi hizo hizo, zilizotumika kama sarafu hadi mwanzo wa karne ya 20. Niliposomea kiini hiki mara ya kwanza nilicheka peke yangu usiku, mke wangu akauliza kulikoni.

Basi ratiba. Mimi mwenyewe nimeifuata kwa mwaka wa pili sasa, nikairekebisha kulingana na shughuli, na ninaipendekeza kwa mtu mwenye kazi.

Kwa miezi miwili ya kwanza ni sauti tupu. Dakika 20 alfajiri kabla ya simu kuanza kulia, ukisikiliza na kurudia kwa sauti ya kusikika, si kwa midomo. Rekodi sauti yako kwenye simu, ilinganishe na ya mwenye lugha. Usivuke wiki ya pili bila kuweza kutenga mǎi na mài mara kumi kati ya kumi. Herufi pekee za kuandika wakati huu ni za tarakimu, moja hadi kumi, na mia, elfu na wàn. Tena jifunze aina zote mbili, maana kwenye hati za fedha Wachina hutumia tarakimu za mwandiko mzito, zenye mistari mingi, ili mtu asigeuze moja kuwa kumi kwa kuongeza mstari.

Kuanzia mwezi wa tatu, ingiza kadi. Hapa nafuata mbinu ya Mjerumani Sebastian Leitner, aliyoieleza mwaka 1972. Tafuta boksi la viatu, ligawe vyumba vitano kwa kadibodi. Neno jipya linakaa chumba cha kwanza na kupitiwa kila siku. Ukilijua linasonga chumba cha pili, linapitiwa baada ya siku mbili, kisha nne, kisha wiki, kisha wiki mbili. Ukikosea, linarudi mwanzo bila huruma. Msingi wake ni uchunguzi wa Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kukariri mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: kusahau huwa kwa kasi mwanzoni, na kila marudio yenye nafasi kati yake hupunguza kasi hiyo. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hii, mathalani Anki, iliyoanza mwaka 2006. Mimi napenda boksi, lakini boksi haliingii mfukoni, na mtu wa Malaba ana hazina ambayo wengine hawana: foleni. Mfumo wa kompyuta ukilala, unangoja. Lori lisipofika kwenye mizani, unangoja. Mwaka 2020, wakati wa upimaji wa korona, foleni ya malori pale ilivuta makumi ya kilomita. Ruzuku ya muda wa namna hiyo hakuna chuo kinachoitoa. Maneno matano mapya kwa siku yanatosha. Kumi ni tamaa, na baada ya wiki tatu utakimbia.

Jioni, dakika 20 za kuandika kwa mkono. Ndiyo, kwa mkono, hata kama dunia nzima inachapa kwa simu. Anayeandika huò mara kumi kwa mpangilio sahihi wa mistari ataitambua kwenye karatasi iliyofifia au iliyopigwa muhuri juu. Siku ya saba usifunze kitu kipya. Chukua nakala ya hati halisi ya mzigo, pigia mstari kila herufi unayoijua, hesabu. Wiki ya kwanza utapata tatu. Usikasirike.

Wa kuzungumza naye ni shida zaidi. Eldoret kuna Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Moi tangu 2015, na Makerere kuna nyingine tangu 2014. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya mwaka 2005, ndiyo kongwe kupita zote Afrika. Wewe uko katikati ya Eldoret na Kampala. Nenda mara moja kwa miezi mitatu, ujipime. Mtihani wa HSK ngazi ya kwanza, kwa mpango uliotumika kabla ya kiwango kipya cha 2021, ulidai maneno 150 tu. Ni lengo la nusu mwaka lisilomtisha mtu. Nijuavyo, fundi au dereva Mchina aliyekwama safarini pia ni mwalimu mzuri, mradi usimpatie somo lako la saa mbili akiwa na njaa.

Mwuliza swali ana miaka 47 na anahofia ubongo umekauka. Zhou Youguang, anayetajwa kuwa baba wa pinyin, alikuwa mwanauchumi na mtu wa benki. Aliitwa kwenye kazi ya lugha mwaka 1955, akiwa na miaka 49. Alifariki mwaka 2017 akiwa na 111.

Lipo pingamizi ambalo huletwa kila nikitaja jambo hili: eti Kichina kitakiua Kiswahili. Lilisikika sana mwaka 2019, ilipotangazwa kuwa Kimandarini kingefundishwa katika shule za msingi. Sikubaliani nalo, hasa nikiwa Busia. Upande wa pili wa daraja, baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, baada ya miongo ya kukitilia shaka kama lugha ya askari. Kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa rasmi Busia Februari 2018 kinawaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na wanapopigana utani wanatumia Kiswahili. Lugha haifi kwa sababu msemaji wake ameongeza nyingine. Na nani ajuaye ya kesho? Reli ya SGR ilifika Naivasha mwaka 2019 mikononi mwa Wachina, lakini kipande cha Malaba hadi Kampala Uganda ilikitolea mkataba kwa kampuni ya Uturuki mwezi Oktoba 2024. Huenda mwakani niombwe ratiba ya Kituruki.

Hofu yangu ni nyingine. Kamusi na vitabu vya Kichina vinavyopatikana madukani kwetu karibu vyote vinapitia Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi anabeba lugha ya tatu begani ili aifikie ya pili. Kadi zako ziandike kwa Kiswahili, au kwa Kiteso, au kwa lugha yoyote ile unayoiotea ndoto. Mfano huu hapa. Forodha kwa Kichina ni hǎiguān. Kwa vipande, hǎi ni bahari na guān ni kipito au lango: lango la bahari. Neno hilo hutumika hata katika vituo vya nchi kavu, mamia ya kilomita kutoka pwani. Ajabu? Neno letu forodha nalo limetoka Kiarabu, na huko asili yake ni mahali pa kutia nanga, bandari. Ndiyo maana Forodhani ya Unguja iko ufukweni. Maneno yote mawili yamepanda na bahari yao hadi Malaba, ambako maji yaliyopo ni ya mto tu. Kadi ya kwanza iwe hiyo. Ya pili iwe huò, yenye simbi ndani.